Mzinga Uliosifiwa Mno

Mwaka 1897 jeshi la Ufaransa lilipokea mzinga ambao haukuwa na mpinzani duniani. Miaka kumi na saba baadaye mzinga huohuo ulikuwa bado bora kuliko wenzake wa aina yake, na vijana wa Kifaransa walikuwa wakifa kwa maelfu kwa sababu jeshi lao lilikuwa limeutegemea peke yake. Wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya silaha. Mimi nakisoma kama habari ya ofisi, ya bajeti na ya mafunzo, na nakiweka mbele ya kila anayesimamia taasisi yenye kitu kimoja inachojivunia.

Kabla ya hapo, mzinga ulipolia ulirudi nyuma kwa teke lake wenyewe. Askari waliusukuma mahali pake, wakalenga upya, ndipo wakafyatua tena. Katika karakana ya serikali ya Puteaux, kando ya Paris, maofisa Deport, Sainte-Claire Deville na Rimailho waliimaliza shida hiyo kwa mtambo wa mafuta na hewa iliyoshindiliwa, uliofichwa chini ya mtutu. Mtutu uliteleza nyuma, ukarudi wenyewe taratibu, na magurudumu hayakuondoka yalipokuwa. Mlengaji na mfyatuaji walibaki wameketi vitini mwao, mmoja upande huu na mwingine upande ule, huku wenzao wakiingiza kombora baada ya kombora. Kikosi kilichofunzwa vizuri kilifyatua makombora 15 kwa dakika, na kikibanwa kilizidisha. Kipenyo cha mtutu kilikuwa milimita 75, na kuanzia hapo Wafaransa wakauita kwa namba hiyo tu: Sabini na Tano.

Siri yake ililindwa kwa wivu mkubwa. Ni katika hofu hiyohiyo ya majasusi ndipo Kapteni Alfred Dreyfus, naye ofisa wa mizinga, alipohukumiwa mwaka 1894 kwa uhaini ambao hakuutenda. Karatasi iliyotumiwa kumshtaki ilitaja breki ya majimaji ya mzinga mwingine wa Kifaransa, wa milimita 120. Dhuluma ile inastahili makala yake. Hapa naitaja ili msomaji aone jinsi mizinga ilivyokuwa moyoni mwa taifa lile, taifa lililoshindwa na Wajerumani mwaka 1870 likiwa na mizinga ya shaba iliyoshindiliwa kwa mbele, dhidi ya mizinga ya chuma cha pua ya kiwanda cha Krupp iliyoshindiliwa kwa nyuma.

Sasa tazama jinsi jeshi zima lilivyojengwa kuuzunguka mzinga huo. Betri, yaani kundi dogo la mizinga chini ya kapteni mmoja, zamani ilikuwa na mizinga sita. Ikapunguzwa ikawa minne, kwa hoja kwamba minne ya kasi hii inafanya kazi ya sita ya zamani na zaidi. Kila mzinga ulivutwa na farasi sita. Divisheni ilipewa betri tisa. Kikosi kikuu chenye divisheni mbili kiliongezewa betri kumi na mbili zake, na jumla yake ikawa mizinga 120, yote ya milimita 75. Kombora la aina moja, kifaa cha kulengea cha aina moja, mafunzo ya aina moja. Kwa mtu wa stoo na kwa mkufunzi hii ni raha tupu, na sisemi hivyo kwa dharau, maana jeshi lenye silaha za kila namna huumia kwa vipuri na kwa risasi zisizoingia.

Wajerumani hawakuwa na mzinga mzuri kama ule, na walilijua hilo. Kikosi chao kikuu cha ukubwa uleule kilikuwa na mizinga 108 ya milimita 77, iliyopitwa na ule wa Kifaransa. Lakini pamoja nayo walibeba hawitza 36 za milimita 105, na nyuma yake hawitza nzito 16 za milimita 150. Hawitza ni mzinga wa mtutu mfupi unaorusha kombora juu sana ili liangukie utosini mwa adui. Kombora la ile ya milimita 150 lilikuwa na uzito wa kilo 40 hivi na lilifika zaidi ya kilomita 7. La Sabini na Tano halikufikia hata kilo 8, na lilipita chinichini karibu na ardhi. Uwanjani peupe, dhidi ya watu wanaotembea, njia hiyo ya chini ilikuwa mauti. Dhidi ya adui aliyejibanza nyuma ya kilima, ndani ya korongo au ndani ya handaki, haikuwa na la kufanya. Kombora ama liligonga mlima ama lilipita juu.

Maofisa wa Kifaransa waliijua kasoro hii. Wengi wao walikuwa wametoka École Polytechnique, shule ngumu kuliko zote nchini mwao, na hesabu ya mwendo wa kombora waliijua kama majina ya watoto wao. Kwa nini basi hawakununua hawitza? Jibu moja limo katika kisahani kidogo cha chuma, kilichoitwa kwa jina la Malandrin. Kilifungwa puani mwa kombora la Sabini na Tano ili hewa ilikamate, lipunguze mwendo na lianguke kwa mwinuko zaidi. Kilikuwa na bei ya chini, hakikuhitaji farasi wapya wala kikosi kipya, na bungeni kilionekana kama ushahidi kwamba hawitza ni anasa. Kilipunguza umbali, kilipunguza shabaha, na kombora likabaki dogo vilevile. Katika kisa chote hiki hakuna kinachonisikitisha kama kisahani hicho, maana kilibuniwa kwa ustadi wa kweli na kazi yake ikawa kuahirisha uamuzi.

Jibu la pili ni imani. Katika miaka ya kabla ya vita vya mwaka 1914, maofisa vijana waliomzunguka Kanali de Grandmaison walifundisha kwamba ushindi ni wa anayeshambulia bila kusita. Kanuni za vita za mwaka 1913 ziliifanya imani hiyo kuwa amri, na kwa upande wa mizinga zikaelekeza kwamba kazi yake ni kusindikiza shambulio la askari wa miguu, si kulitayarisha mapema. Jeshi linalokimbia mbele halihitaji kitu kizito cha kulichelewesha. Imani ilihitaji mzinga mwepesi, na mzinga mwepesi ulikuwapo tayari, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuchunguza kimoja bila kingine.

Ushahidi wa kinyume haukukosekana. Mwaka 1904 Wajapani walivunja ulinzi wa Port Arthur kwa hawitza za milimita 280, na waangalizi wa mataifa ya Ulaya waliona kwa macho yao. Halafu mwaka 1912 majeshi ya Balkan, mengine yakiwa na mizinga ya Kifaransa, yakawashinda Waturuki waliofunzwa na Wajerumani, na Paris ikachagua kukumbuka vita hivyo vya pili. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Jenerali Joffre alipokabidhiwa uongozi wa jeshi mwaka 1911 alitaka mizinga mizito. Yakaanza mabishano: karakana za serikali zilitaka michoro yao, kiwanda cha Schneider kilikuwa na yake, ofisi za ufundi zilidai majaribio zaidi, na Bunge lilishika mkoba. Miaka ikapita. Tarehe 13 Julai 1914 Seneta Charles Humbert alisimama kwenye Baraza la Seneti akaueleza upungufu huo hadharani. Vita vilianza kabla ya mwezi kwisha tangu siku hiyo, na majeshi ya Ufaransa yaliingia vitani na mizinga mizito ipatayo 300 tu, mingine ikiwa ya mwaka 1877 au karibu na hapo, isiyo na mtambo wa kuzuia teke.

Tarehe 22 Agosti 1914, katika kijiji cha Rossignol kusini mwa Ubelgiji, Divisheni ya Tatu ya Wakoloni, yaani askari wa kulipwa wenye uzoefu wa vita vya ng'ambo, ilikuwa ikienda kaskazini asubuhi yenye ukungu. Askari wa mbele waliingia msituni wakakutana na Wajerumani waliojipanga. Wakashambulia kwa singe, wakaanguka, wakashambulia tena. Nyuma yao mizinga ilikuwa imejipanga mstari barabarani, kati ya kijiji na daraja la mto Semois, huku na huku majani ya bwawa yasiyobeba magurudumu. Ukungu ulipoondoka, Wajerumani waliokuwa juu ya vilima wakaiona safu nzima. Daraja likawa chini ya moto wao. Betri hazikuweza kwenda mbele, kurudi, wala kutoka pembeni; zilifyatua papo hapo, farasi wakifa ndani ya hatamu. Luteni Ernest Psichari, mwandishi na mjukuu wa Ernest Renan, aliuawa hapo akiwa na mizinga yake. Hadi usiku divisheni ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 10,000, kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ya Wafaransa waliouawa siku hiyo peke yake, katika mapambano yote, ni 27,000.

Nisiwe mdhalimu kwa mzinga wenyewe. Wiki mbili baadaye, kwenye mto Marne, Wajerumani walipokuwa wao ndio wanaotembea uwanjani peupe, Sabini na Tano ilifanya kile ilichoundiwa, na ilisaidia kuiokoa Paris. Lakini hapohapo ikajitokeza kasoro ya pili, iliyotokana na sifa ileile ya kasi. Akiba ilikuwa makombora 1,300 na kitu kwa kila mzinga. Kwa makombora 15 kwa dakika, akiba hiyo inakwisha kwa saa moja na nusu hivi. Waliopanga walidhani vita vitakuwa vifupi, na viwanda viliandaliwa kutoa makombora kama 13,000 kwa siku. Tarehe 20 Septemba 1914, mjini Bordeaux, Waziri wa Vita Millerand aliwakutanisha wenye viwanda na kuwaomba 100,000 kwa siku. Mashine za kukandamiza chuma hazikutosha, kwa hiyo watengenezaji wa magari na vyuma walikereza makombora kutoka kwenye vyuma vya mviringo, haraka haraka. Mengine yalipasukia ndani ya mtutu. Mamia ya mizinga iliharibika hivyo, na askari waliokuwa wameketi kwenye vile viti viwili ndio waliokuwa karibu zaidi.

Njaa ya mizinga mizito ikaendelea kula. Mwaka 1915 amri ilitolewa ngome zivuliwe silaha ili mizinga ipelekwe kwenye mahandaki, na ngome za Verdun zikavuliwa. Wajerumani waliposhambulia huko Februari 1916, ngome kuu ya Douaumont ilikuwa na walinzi wapatao 60, na ilichukuliwa tarehe 25 bila mapigano ya maana. Kuirudisha kulichukua hadi tarehe 24 Oktoba, baada ya kupigwa kwa mizinga ya reli ya milimita 400, yaani zana ambazo ofisi za mwaka 1912 zingeziita wazimu.

Mwaka 1917 ndipo jeshi lilipopangwa upya. Iliundwa akiba kuu ya mizinga mizito chini ya Jenerali Buat, isiyofungwa na divisheni yoyote, inayohamishwa kwa reli na malori kwenda panapohitajika. Hawitza mpya za Schneider na mzinga wa masafa wa Filloux, zote za milimita 155, zilifika vitani kwa wingi, na Wamarekani walipokuja waliomba wapewe hizohizo. Ulikuwa mpango mzuri. Kwa miaka ishirini iliyofuata shule za kijeshi zilifundisha mpango huohuo: mizinga mingi, ramani sahihi, simu za waya kutoka kwa mwangalizi hadi kwenye betri, kila hatua kwa ratiba. Tarehe 13 Mei 1940 ndege za Kijerumani zilishinda angani juu ya mto Meuse zikipiga mabomu, waya za simu zikakatika, na betri za Kifaransa, baadhi yake zikiwa na mzinga uleule wa mwaka 1897, zikakaa kimya zikingoja amri. Jioni ilipoingia, uvumi kwamba vifaru vya adui vimefika kijiji cha Bulson ulikuwa umeshaanza kuwaondoa askari wa mizinga kwenye vituo vyao, wakati hakuna kifaru hata kimoja cha Kijerumani kilichokuwa kimevuka mto.