Faneli ya Oili Nyekundu

Faneli niliishika mimi. Kaka yangu alimimina, oili nyekundu ikateremka taratibu, na nyanya yetu alikuwa ameketi chini ya mwembe akitutazama. Ilikuwa Jumamosi jioni, nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Awendo, na tuliamini kabisa kwamba tunalitunza gari. Wiki tatu baadaye gari hilo lilikwama kwenye mlima wa kwenda Kisii, na gharama yake ikameza miwa ya msimu mzima. Anayelima miwa huku anajua maana ya maneno hayo: ni karibu mwaka na nusu wa kusubiri, ukipalilia na kuweka mbolea, kabla trela halijaja kubeba.

Siku ya kununua tulikuwa na magari mawili mbele yetu, yote yakiwa yametumika hapa hapa Kenya. Moja lilikuwa Toyota Wish ya 2006, pale Rongo. La pili lilikuwa Toyota Noah ya 2008, pale Migori. Wish ilikuwa imetunzwa vizuri, lakini iko chini. Nyanya alipojaribu kuingia ilimbidi ainame, ashike mlango, kisha ajiangushe kitini, na magoti yake yalimuuma mpaka akafumba macho. Viti vya nyuma kabisa vinafaa watoto tu. Ukitoka lami na kuingia barabara ya murram wakati wa mvua, unasikia mawe yakigonga tumbo la gari.

Noah ilikuwa kitu kingine. Mlango unateleza kando, sakafu iko chini, paa liko juu. Nyanya aliingia kama anayeingia chumbani kwake, akaketi, akapapasa kitambaa cha kiti, akasema, "Hapa naweza kufika hata Kisumu." Kwa starehe hapakuwa na mashindano. Mpaka leo nasema hatukukosea kuyafikiria magoti ya nyanya. Tulikosea kwa kutouliza swali moja.

Kaka yangu si mgeni wa spana. Kwa miaka mingi aliendesha Noah ya zamani, ile iliyoitwa TownAce Noah, ya kati ya 1996 na 2001. Gari lile alilijua kama shamba lake. Injini iko chini ya viti vya mbele. Ukitaka kubadilisha plagi unainua kiti. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Giaboksi yake otomatiki ni ya kawaida, ina kijiti cha kupimia, na inatumia oili nyekundu, ATF, inayopatikana kwenye duka lolote la spea. Kwa hiyo nilipomuuliza kama tutaweza kulihudumia gari jipya nyumbani, alinijibu bila wasiwasi: "Omera, Noah ni Noah."

Jina ndilo lililobaki. Mwaka 2001 Toyota walilitengeneza gari lenyewe upya: injini ikahamia mbele, magurudumu ya mbele yakawa ndiyo yanayovuta. Toleo lililotoka 2007, ambalo ndilo letu, lina giaboksi ya CVT. Ndani yake hakuna gia za meno zinazopokezana. Kuna puli mbili, kila moja ikiwa ni koni mbili zinazotazamana, na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake. Koni zikikaribiana, mkanda hupanda, zikiachana, hushuka, ndiyo maana gari hubadilisha mwendo bila kushtuka. Mkanda huo hauna meno. Unashikwa kwa kubanwa tu, chuma kwa chuma, na oili ya CVT imetengenezwa ili ilainishe huku ikiacha vyuma hivyo vishikane. ATF ilitengenezewa kazi nyingine. Ukiiweka humo mkanda unaweza kuteleza, unakwaruza uso wa puli, na unga wa chuma unaanza kusafiri ndani ya giaboksi.

Jioni ile kaka alitafuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, hakukiona. Hapo ndipo tulipopaswa kusimama. Gari lilikuwa linatuambia kwamba si lile analolijua. Badala yake alimwaga oili ya zamani, akaipima kwenye kibuyu cha plastiki, akatafuta bolti ya kujazia, akaniambia nilete faneli.

Siku gari lilipokwama, tulikuwa tumeipita Rongo, nyanya akienda kliniki. Mlima ulipoanza, injini ilinguruma zaidi na zaidi huku gari likipunguza mwendo. Kaka alikanyaga, kelele ikapanda, mwendo ukashuka. Kisha tukasimama kabisa, lori likipiga honi nyuma yetu. Mlango wa kuteleza ulifunguka vizuri kama kawaida, na nyanya akashuka kwenda kuketi kwenye majani, mkoba wa dawa mapajani.

Fundi wa Kisii hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mzee, humu mliweka oili gani?" Kaka alipojibu, fundi alinyamaza, akafungua sampu ya giaboksi. Ndani huwa kuna sumaku ndogo za kunasa unga wa chuma. Aliipangusa moja kwa kidole, akatuletea karibu na macho: tope jeusi linalometameta kama magamba ya omena. Hatukuhitaji maelezo zaidi. Tulinunua giaboksi ya mtumba, na safari hii oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Sikatazi mtu kutengeneza gari nyumbani. Plagi, kichujio cha hewa, oili ya injini, hata bushi, vyote tunafanya wenyewe hadi leo, mradi gari limesimama kwenye stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Lakini giaboksi ya CVT ipeleke kwa anayeijua. Na kumbuka sheria ya Kenya ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane: Noah ya 2008 haikuweza kuingia nchini baada ya 2015. Maana yake kila moja unayoiona sokoni imekaa hapa miaka kumi au zaidi, mikononi mwa watu kama sisi, wenye faneli.

Wewe unayejiandaa kununua, fungua boneti kabla ya kufunguliwa mlango wa kuteleza. Kwenye gari la Toyota tafuta kibati cha chuma, pale au kwenye nguzo ya mlango, penye maneno TRANS/AXLE. Wish ile ya Rongo ingetuonyesha herufi U, giaboksi ya kawaida yenye gia nne. Noah yetu inaonyesha K, yaani CVT. Ukiona K, muulize mwenye gari ni oili gani iliwekwa, lini, na na nani. Akishindwa kujibu, toa bei ya giaboksi nzima kwenye bei anayotaka. Akikataa, mwachie gari lake.