Mimi Niliandika Tu

Kabla ya uchaguzi wa 2022, jamaa mmoja wa Makutano, Meru, alinilipa elfu mbili nimwandikie wimbo wa kampeni. Nilikuwa nimeacha chuo na kodi ya nyumba imelala, basi nikaandika. Kwenye kiitikio niliwaita wapinzani magugu ya kung'olewa. Vina vilikubali kabisa. Wiki moja baadaye vijana walimpiga jamaa wa boda huku wakiuimba. Alipona, lakini mkono wake haunyooki hadi leo.

Mimi niliandika tu. Ndivyo nilivyojiambia.

Halafu nikasoma utafiti wa Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz kuhusu Muyaka bin Haji, uliotoka 1979. Muyaka alikuwa mshairi wa Mombasa, mtu wa karibu wa watawala wa Kimazrui. Mji wake ulipogombana na Lamu, na baadaye na Seyyid Said, mashairi yake yaliingia vitani pia: kuchokoza, kukejeli, kutia watu moyo. Leo tunayasifu kwa ufundi. Waliokufa Shela hatujui hata majina.

Uingereza nako, Edmund Spenser alikuwa katibu wa Lord Grey, ambaye jeshi lake liliua mamia ya wanajeshi waliokuwa wamesalimu amri kule Smerwick, Ireland, 1580. Mwaka 1596 Spenser akachapisha sehemu ya shairi lake kuu yenye shujaa wa haki. Wasomi wengi humwona huyo kuwa ni Grey, amesafishwa. Shujaa ana mtumishi wa chuma, Talus, anayetembea na chombo cha kupuria nafaka. Anapura watu.

Hapo nilisimama. Kwa shosh, Embu, mimi hupura maharagwe kwa fimbo. Ukipura, huangalii punje moja moja. Nadhani hapo ndipo tungo tamu huwa hatari: inageuza watu kuwa mavuno, au magugu, na mkono unaacha kuona aibu.

Utaniambia fimbo haikuwa yangu. Kweli. Lakini mwanasiasa hatoi elfu mbili kwa kitu kisicho na nguvu. Siwezi kusema maneno yana nguvu wakati wa kulipwa, halafu hayana mtu akiumia.

Sisemi tumtupe Muyaka. Tumsome, tena kwa sauti, ila tuulize kila ubeti ulimlenga nani. Wangu namjua. Huegesha pikipiki yake pale stejini, na bado sijamwambia nani aliandika ule wimbo.