Mchicha wa sadaka, maji ya nani?

Swali lililonisukuma kuandika makala hii niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, tena kengele ikiwa imekwisha kugongwa. Nilikuwa nafundisha fadhila za sadaka. Nikaitaja Hadithi aliyoisimulia Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha ndege, mtu au mnyama akala katika huo, huandikiwa sadaka. Ili somo liingie, nikatoa mfano wa bustani ya mboga ambayo mimi na vijana wa msikitini tulikuwa nayo hapa Iringa, bondeni kando ya Mto Ruaha Mdogo. Kijana akanyoosha mkono. "Ustadhi, yule wa chini yenu ambaye maji hayamfikii, naye kapewa sadaka au kaporwa?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu yule wa chini yetu nilikuwa namfahamu.

Bustani ile tuliianza kwa nia safi kabisa. Tulilima mchicha, chainizi, figiri na sukuma wiki. Sehemu tuliwapelekea mayatima na wajane, nyingine tukauza ili kununua misahafu na chaki za madrasa. Tuliazima pampu ya petroli, na matuta yetu ya mwisho yalikuwa hatua chache tu kutoka ukingoni mwa mto. Mwezi Oktoba maji yalipopungua, sisi tulizidisha kuvuta, maana jua nalo lilizidi.

Chini yetu alikuwepo bibi mmoja mwenye kinyungu. Kwa wasomaji wasioijua mikoa hii, vinyungu ni bustani za mabondeni ambazo Wahehe na Wabena hulima wakati wa kiangazi, kwenye ardhi yenye unyevu, ili wapate mahindi mabichi, maharage na mboga kabla ya mvua. Bibi yule alimwagilia kwa ndoo. Siku moja alipanda hadi tulipo, akasema, "Kamwene, mwalimu. Mkimaliza ninyi, mniachie na mimi kidogo." Hakugomba. Nami, badala ya kuzima pampu, nikampa fungu la mchicha. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akateremka. Fungu lile linanisuta hadi leo.

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa ule ambao kila mtu anao: maji ninayochukua mimi ni kidogo. Na ni kweli. Hakuna pampu moja inayokausha mto. Lakini nilipokuwa nafundisha Mbeya nilizoea kupita barabara ya kuja Iringa, na anayepita njia hiyo akitazama kushoto kwake, kuanzia Igurusi, Chimala hadi Igawa, anauona uwanda wa Usangu. Mito inayoteremka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere inaingia huko, inanywesha mashamba ya mpunga, inakwenda katika ardhioevu ya Ihefu, na kutoka hapo unaendelea Ruaha Mkuu kupitia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi bwawa la Mtera. Tangu mwaka 1993 mto huo, mkubwa kama jina lake, umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi. Viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope. Hapana mtu mmoja aliyeukausha. Ni mifereji mingi, na mwenye kila mfereji anaapa kuwa wake ni mdogo.

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa katika hifadhi. Mto haukuacha kukauka. Sisemi kuwa ng'ombe hawaharibu chanzo cha maji. Nasema ni rahisi kumlaumu anayepita na mifugo kuliko kumlaumu mwenye mfereji, kwa sababu wenye mifereji ni sisi tunaokula wali.

Je, dhambi inayogawanywa kwa watu elfu inakuwa haipo? Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi, aliousimulia Nu'man bin Bashir (r.a.) katika Bukhari. Walipiga kura, wengine wakakaa juu, wengine chini. Wa chini walipohitaji maji iliwabidi wapite kwa wa juu, wakafikiri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wasiwasumbue wenzao. Mfano huu tunausoma sana katika suala la kukataza maovu, lakini naona tunapitwa na jambo moja. Watu wale walitaka maji tu, na nia yao ilikuwa kutowaudhi wenzao! Tundu walitoboa katika fungu lao. Pamoja na nia hiyo, wakiachwa, wote wanazama. Nia njema haikuziba tundu.

Tunapenda kuisoma Hadithi ya nia kama kwamba nia ni sabuni inayosafisha kila kitu. Lakini katika Sahihi Muslim imepokewa pia kuwa Allah (s.w.) ni Mzuri na hakubali ila kilicho kizuri. Mtu hajengi msikiti kwa matofali ya wizi. Basi mchicha uliokuzwa kwa maji ya jirani, ukigawiwa mayatima, ni sadaka ya nani? Nadhani ni sadaka ya bibi, iliyotolewa bila ya yeye kuulizwa.

Juu ya maji ya mto, Mtume (s.a.w.) alihukumu waziwazi. Zubayr (r.a.) alikuwa na shamba juu ya shamba la mtu wa Kiansari. Aliambiwa kwanza amwagilie, kisha amwachie jirani. Yule Ansari alipolalamika kuwa Zubayr amependelewa kwa ujamaa, Zubayr akapewa haki yake kamili: azuie maji hadi yafike kwenye kingo za shamba, kina ambacho wanazuoni walikikadiria kuwa vifundo vya miguu. Hapana shaka kuwa wa juu ana haki ya kutangulia. Lakini hata haki yake kamili ina mpaka, na baada ya mpaka huo maji si yake. Wanazuoni wa fiqhi wakaongeza kuwa haki ya kunywa, kwa watu na wanyama, inatangulia haki ya kumwagilia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au za kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapa pana ugumu ambao sitaki kuuruka. Mita 60 zinatugusa sisi, na zinamgusa bibi vilevile. Kinyungu chake ndicho chakula cha miezi ya njaa, na bonde halina upana wa kumpa pa kuhamia. Siwezi kusimama juu ya mimbari nikamwambia atoke, wakati mimi nina mshahara na huko juu kuna mifereji ambayo haina hata mlango wa kufungia maji. Ninavyoelewa mimi, wajibu unaanza kwa mwenye pa kwenda. Kati yangu na yeye, mwenye pa kwenda ni mimi.

Tulihama. Bustani sasa iko nyuma ya msikiti, kwenye kichanga kisichopendeza. Tulikinga ndoo chini ya bomba, tukaona kijana mmoja anatawadha kwa lita saba, ilhali Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Maji ya udhu tukayachimbia mfereji hadi kwenye matuta. Tunafunika udongo kwa nyasi kavu ili usikauke, tunatia samadi na mboji, na wadudu tunawatilia majivu na maji ya pilipili. Ndugu yangu wa Tanga alinishauri mwarobaini, akisahau kuwa baridi ya huku si rafiki wa mti huo. Yeye naye ana la kutazama: kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi huvuta chumvi ya bahari, na jirani ndiye anayeionja.

Mavuno yamepungua. Zamani tulijaza matenga, sasa ni mafungu ya kuhesabu, na kuna mjane ambaye tulikuwa tukimpelekea kila Ijumaa na sasa anasubiri wiki mbili. Yule mwanafunzi nilimpa jibu langu, akafikiri, akaniuliza: "Na huyo mjane, Ustadhi, yeye kakosa nini?" Tumekubaliana tuchange fedha tumnunulie mboga sokoni. Baadhi ya mboga hizo, naambiwa, zinatoka bondeni.