Nyota Haikuwatosha Mamajusi
(Mathayo 2:1-12)



Siku hizi si ajabu, ibada ikiisha, kuona kikundi cha watu nje ya kanisa wameinamia simu moja. Imeletwa picha: karibu na jua pana duara la kijani, au juu ya paa pana nuru mfano wa msalaba. Huyu asema ni malaika, yule asema ni chombo kutoka sayari nyingine. Wa tatu asema ni kamera tu, naye huonekana hana imani. Yatupasa tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa maana limewahi kuchukua roho za watu.

Tarehe 23 Julai 1995 Wamarekani wawili, Alan Hale na Thomas Bopp, kila mmoja mahali pake, waliona nyota mpya yenye mkia, nayo ikaitwa Hale-Bopp kwa majina yao. Baadaye ilionekana kwa macho bila darubini kwa muda wa miezi 18 hivi, nayo ilipendeza mno. Mnamo Novemba 1996, mtu mmoja wa Houston, Texas, mpenda kutazama nyota, aliipiga picha. Kando yake pakatokea kitu cheupe chenye kama pete, mfano wa sayari ya Zohali. Alitazama ramani ya nyota katika kompyuta yake asione nyota yoyote mahali pale. Bila kukawia alipiga simu katika kipindi cha redio chenye wasikilizaji wengi, akatangaza kwamba kuna kitu kikubwa kinachofuatana na ile nyota yenye mkia. Haukupita muda watu wakasema ni chombo cha wageni wa angani.

Alan Hale mwenyewe alijibu. Kitu kile kilikuwa nyota ya kawaida, iliyokwisha kuandikwa zamani katika orodha za nyota kwa nambari SAO 141894. Mwanga wa nyota ukipita katika vioo vya darubini hujitandaza, hata nukta ikaonekana ina pembe au pete. Nayo ramani ya kompyuta haikuionyesha kwa sababu ya jinsi ilivyopangwa. Basi hapo palikuwa na kosa, wala si uongo. Lakini uongo nao haukuchelewa. Mwanzoni mwa 1997 ilitolewa picha nyingine, ikidaiwa kuwa ni ya mtaalamu mkubwa asiyetajwa jina. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii wakaitambua: ilikuwa picha yao wenyewe ya mwaka 1995, na mtu ameiongezea kile kitu kwa mkono wake.

Huko California walikuwako watu walioishi pamoja chini ya mwalimu wao, Marshall Applewhite, katika kundi lililoitwa Heaven's Gate. Kwa miaka mingi aliwafundisha kwamba chombo kitashuka kuwachukua. Waliposikia habari za ile picha, walinunua darubini nzuri ya bei kubwa. Kisha, kama ilivyosimuliwa na magazeti baadaye, waliirudisha dukani, kwa kuwa waliiona nyota yenye mkia vizuri lakini hawakuona kitu kinachoifuata. Tarehe 26 Machi 1997, ambayo ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu, watu 39 walikutwa wamekufa katika nyumba yao huko Rancho Santa Fe, Applewhite akiwa mmoja wao. Walijiua wenyewe wapate kupanda chombo hicho.

Mimi siwezi kusema kwamba picha ndiyo iliyowaua. Wao wenyewe walikuwa wametangaza kwa maandishi kwamba kuwapo au kutokuwapo kwa kitu kile hakubadili neno lolote kwao. Hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu. Darubini iliwaambia kweli nao wakairudisha. Moyo uliokwisha kuamua hautazami tena; hutafuta shahidi tu, na shahidi akikataa, hufukuzwa.

Sasa watazameni Mamajusi. Wao nao waliona kitu mbinguni, tena hawakukidharau, wakafunga safari ndefu. Lakini walipofika Yerusalemu walifanya nini? Waliuliza. Waandishi wakafungua kitabu cha nabii Mika, wakawaonyesha Bethlehemu. Naye Mungu hakuwakasirikia kwa kuuliza kwao. Nyota iliwatangulia tena. Na Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime kila jambo kisha washike lililo jema. Hakuwaambia wapime mambo ya wapagani tu na kuyaacha yale yanayotupendeza sisi.

Basi na tupime. Jua likiingia katika picha, mwanga hurukaruka kati ya vioo vya lenzi ukaacha doa, mara nyingi la kijani, upande unaoelekeana na jua. Geuza simu yako kidogo, nalo doa litahama. Kitu kilichoko angani hakihamishwi na mkono wako. Vumbi lililo karibu na kamera, likimulikwa usiku na taa ya simu, huonekana kama mpira wa nuru. (Vijana wetu wanayajua haya kuliko sisi wazee. Waulizeni.) Zipo pia picha ambazo watu wenye elimu hawajakubaliana juu yake, kama zile alizopiga mkulima mmoja karibu na McMinnville, Oregon, mwaka 1950. Mkristo aweza kusema juu ya picha ya namna hiyo, "Sijui," akaenda zake kulala kwa amani. Wokovu wake haukuning'inizwa hapo.

Wapo wanaoogopa wakisema, "Tukianza kupima picha, kesho tutapima na imani." Mbona Tomaso hakufukuzwa? Bwana alimwonyesha mikono yake. Mzee wa kanisa anayemkemea kijana kwa kuuliza kama nuru ile ni kioo cha kamera anamfundisha kijana huyo kwamba imani yetu haivumilii maswali, naye atakwenda kuuliza kwingine. Huko kwingine hatujui atamkuta nani.

Mdogo kati ya wale 39 alikuwa na umri wa miaka 26, na mkubwa miaka 72. Wengine walikuwa wameacha wazazi, na wengine watoto. Katika sala zetu za juma hili tuwakumbuke jamaa zao, na wote ambao hivi leo wanangoja mtu awaambie siku na saa.