Kuchambua Mchezaji, Kuchambua Roho



Huku Pemba tuna maana mbili za neno kuchambua. Msimu wa karafuu ukifika, familia hukaa chini jioni kuchambua karafuu: unashika kishada mkononi, unatenganisha karafuu na makonyo yake, kishada kimoja baada ya kingine. Halafu kuna wachambuzi wa mpira. Hao wapo kila uwanja, na hapa Mkoani hatuna uhaba nao. Dogo akikosa bao moja tu, uchambuzi unaanza: "Ana mbio, lakini hana mguu wa kushoto." "Mbinafsi yule, hatoi pasi." "Hamna kitu pale."

Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza. Mji wetu ni mdogo. Mtoto wa miaka 16 akishaitwa "hamna kitu" uwanjani, jina linamfuata bandarini, sokoni, mpaka nyumbani. Na baada ya muda analiamini. Kwa hiyo leo tuulizane: unamtathminije kijana bila kumdanganya, na bila kumvunja? Na wewe mwenyewe unajitathminije mbele za Mungu?

Tumchukue mshambuliaji tunayemjua sote, Mbwana Samatta. Alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 2015 alibeba nayo Ligi ya Mabingwa Afrika, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara. Akaenda Genk, Ubelgiji, na msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa. Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Huko akacheza mechi 14 za ligi, akafunga bao 1.

Sasa chambua. Mabao 23, kisha 1. Je, alisahau mpira? Hapana. Nguvu ya Samatta ni kujua wakati wa kuingia kwenye boksi. Beki anageuka, yeye keshafika. Kichwa chake kilimfunga Liverpool pale Anfield Novemba 2019, na kikaifunga Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Machi 1, 2020. Lakini mchezaji wa namna hiyo anaishi kwa mipira anayoletewa. Genk walikuwa wanaumiliki mpira na kumletea. Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja, mara nyingi wanakimbiza mpira wa wenzao, na yeye akabaki mbele peke yake. Udhaifu wake ulikuwa palepale penye nguvu yake. Ni kishada kilekile, karafuu na kikonyo chake.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mara nyingi tunadhani mtu ana mfuko wa mazuri na mfuko wa mabaya, tunahesabu upi umejaa. Ukiangalia kwa makini, mara nyingi udhaifu umeota kwenye shina lilelile la kipaji. Straika mwenye uchu wa bao ndiye huyohuyo anayenyima pasi. Msichana mwenye ulimi mwepesi anaendesha sala ya jumuiya vizuri, na ulimi huohuo unamwingiza kwenye umbea. Kijana mpole asiyegombana na mtu ndiye anayeshindwa kusema hapana rafiki zake wakimpeleka pabaya.

Mtazame Petro. Kama ungekuwa skauti wa Yesu pale ziwani, ungeandika nini? "Mwepesi wa kuchukua hatua. Haogopi kujaribu. Anaropoka. Anapoteza umakini upepo ukivuma." Yote kweli! Alizama majini, lakini alizama kwa sababu yeye peke yake alitoka kwenye chombo. Alimkana Bwana uani kwa Kuhani Mkuu, lakini alifika pale kwa sababu alimfuata Bwana, ingawa kwa mbali, wakati wengi walishakimbia. Haraka yake ilimpeleka karibu, na haraka hiyohiyo ikamwangusha.

Na Yesu alifanyaje? Katika Injili ya Yohane, siku ya kwanza kabisa alimtazama akampa jina la Kefa, mwamba, wakati hakuna dalili yoyote ya mwamba. Hakuficha udhaifu wake: usiku ule wa karamu alimwambia wazi kwamba atamkana. Lakini alimwambia pia kwamba amemwombea, na kwamba akishaongoka awaimarishe ndugu zake. Ripoti ya Yesu ina ukweli wote, na bado ina nafasi kwenye kikosi. Hakumnyang'anya ile haraka. Aliifunza, mpaka siku ya Pentekoste Petro huyohuyo akasimama wa kwanza kusema.

Kwenye falsafa tulimsoma Aristotle, naye ana ushauri mzuri kwa mtu anayetaka kujirekebisha: angalia umeelemea upande gani, kisha jivute upande wa pili, kama watu wanavyonyoosha mti uliopinda. Kocha mzuri anajua hili bila kusoma kitabu. Mchezaji asiye na mguu wa kushoto hatukanwi, anapigishwa mashuti hamsini ya kushoto, na kocha anabaki uwanjani anamwokotea mipira.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, usiku kabla ya kulala jaribu hivi.

Kwanza, anza na shukrani. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliweka shukrani mwanzo kabisa wa kuchunguza dhamiri. Taja kipaji kimoja ulichokitumia leo. Siyo majivuno hayo, ni kumpa Mungu haki yake.

Pili, taja kosa kwa jina. "Mimi ni mbaya" siyo uchunguzi, hata shetani anaweza kukuambia hivyo. Sema: "Leo nimemdhihaki mdogo wangu mbele ya wageni." Kisha uliza limeota kwenye shina gani. Ukienda kwenye kitubio na jambo lenye jina, padre anaweza kukusaidia.

Tatu, chagua zoezi moja la kesho. Moja tu, dogo, la upande ule uliopinda. Umezoea kusema sana? Kesho msikilize mtu mmoja mpaka amalize.

Na unapomchambua mwenzako, awe Mkatoliki au ndugu yetu Mwislamu unayecheza naye kila siku, jiulize kabla hujafungua mdomo: je, niko tayari kubaki kumwokotea mipira? Kama hauko tayari, nyamaza kwanza. Kama uko tayari, mwambie ukweli, mwambie yeye mwenyewe, siyo uwanja mzima.

Jambo la mwisho. Wenyeji mnajua kwamba makonyo hayatupwi. Nayo huchemshwa kiwandani, yakatoa mafuta. Kama binadamu wamepata njia ya kutoa harufu nzuri kwenye kikonyo, usiwe mwepesi kumwamulia Mungu kwamba kwako hamna kitu.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyemtazama Simoni ukaona mwamba, nitazame na mimi. Nionyeshe kipaji changu nisikifukie, nionyeshe udhaifu wangu nisiukimbie, na unifundishe kuwatazama wenzangu kama unavyonitazama. Amina.