Kitanda cha Mwingine

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2013, nchini Ujerumani, kikundi cha Rimini Protokoll kilizindua onyesho ambalo ni kama jibu kwa methali hiyo: haya basi, njoo ulale.

Onyesho linaitwa Situation Rooms. Halina viti vya watazamaji wala mwigizaji hata mmoja. Watazamaji 20 wanapewa kila mmoja tableti na hedifoni, kisha wanaingia kwenye vyumba vilivyojengwa mahususi. Kwenye skrini, mtu halisi ambaye maisha yake yameguswa na silaha anasimulia yaliyompata, huku kamera ikipita katika vyumba vilevile ulimo. Unamfuata. Akifungua mlango, nawe unafungua, akiketi, unaketi. Baada ya dakika chache unahamia kwa mwingine: daktari wa vitani, wakili wa walioshambuliwa kwa droni, mtu aliyekuwa askari mtoto Kongo.

Kwa huyu wa mwisho ndipo ninapokwama. Vita vya Kongo vimepiganwa, na kuliliwa, kwa Kiswahili pia. Si habari za mbali kwetu. Je, nikishika tableti kwa dakika chache, naweza kusema nimekuwa yeye? Hapana. Yeye hakuwa na mlango wa kurudishia kifaa kisha akaenda zake kunywa kahawa. Kulala kitandani dakika chache si kuumwa na kunguni, na anayetoka pale akijisifia huruma amejidanganya.

Lakini kuna jambo jingine linalotokea humo, nalo naliona la kweli zaidi. Vyumbani hauko peke yako. Skrini ikikuelekeza umpe mkono aliye mbele yako, unampa. Naye, kwenye skrini yake, yumo katika kisa kingine kabisa. Bila kujua, umekuwa mhusika katika maisha ya mtu mwingine. Ulidhani umekuja kutazama tu, kumbe nawe umetumika.

Silaha nazo husafiri hivyohivyo. Mmoja anaunda kipuri, mwingine anagonga mhuri, wa tatu anapakia sanduku. Kila mmoja yumo chumbani mwake, na ni wachache wanaokiona chumba cha mwisho.

Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil, alitaka mtazamaji ausimamishe mchezo, apande jukwaani, aubadilishe mwelekeo. Hapa huna nafasi hiyo: ukisita, filamu inaendelea bila wewe. Wapo watakaoiita kasoro. Mimi naona ndipo penye somo. Sikufundishwa kwamba naweza kuwa mtu mwingine. Nimefundishwa kwamba mimi huyuhuyu, msomi ninayejidai kufikiri kabla ya kutenda, naweza kufungua mlango kwa sababu tu skrini imeufungua.

Simu yangu husema geuka kushoto, nami nageuka. Sijawahi kuiuliza kwa nini.