Radhi Inapogeuzwa Njia: Celie, Nettie na Suala la Kuwasamehe Wazazi

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii hutumiwa sana katika usuluhishi wa kifamilia, nayo yawafaa majirani waliogombania mpaka wa shamba. Makala hii inashikilia kwamba ikielekezwa kwa binti aliyeumizwa na mzazi wake, hugeuka chombo cha kumnyamazisha, kwani kwake yeye yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Tatizo limejikita katika dhana yetu ya radhi. Kwa desturi, radhi huombwa na mwana kwa mzazi. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, binti anausiwa kwamba anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Hakuna hata moja ambayo binti mwenyewe ndiye mwenye kuitoa. Hatumlaumu mtunzi, alikuwa mama mgonjwa akimwachia mwanawe njia ya kuishi salama katika jamii aliyoijua. Tunachouliza ni hiki: pale ambapo mzazi ndiye mkosaji, radhi itaelekea wapi?

Riwaya ya Alice Walker, The Color Purple (1982), inalikabili swali hili bila woga, japo mandhari yake ni mbali nasi, kusini mwa Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Celie, msichana wa miaka 14, ananajisiwa na Alphonso, anayemjua kuwa babake. Watoto wawili anaowazaa wanachukuliwa. Kisha anaozwa Albert, ambaye kwa hakika alikuja kumposa Nettie, mdogo wake. Nettie anapomkataa Albert, anafukuzwa, na barua anazomwandikia dadake kutoka Afrika zinafichwa kwa miaka mingi.

Barua hizo zinapopatikana, zinafichua kwamba Alphonso ni baba wa kambo, na kwamba baba mzazi aliuawa na Wazungu walioonea kijicho duka lake. Ugunduzi huu unamwondolea Celie sehemu moja tu ya mzigo: watoto wake si ndugu zake. Unajisi unabaki unajisi.

Hapa ndipo Walker anapotofautisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Celie anakwenda kumwona Alphonso na hamwoni akijuta. Baadaye anakufa, na hakuna mahali ambapo Celie anatamka kwamba amemsamehe. Hata hivyo, nyumba inapowarudia mabinti kama urithi wa baba yao halisi, Celie anaingia, na pamoja na Shug wanaifukiza kwa moshi wa mierezi. Kinachotakaswa ni nyumba. Mtu aliyeitia najisi hakusamehewa. Kupona kwa Celie, basi, hakukungoja msamaha.

Albert ni suala jingine. Kwa shinikizo la mwanawe Harpo, anamrudishia Celie barua zilizosalia. Anajifunza kazi na usafi. Hatimaye anaketi barazani akishona pamoja na mke aliyekuwa akimpiga. Wahakiki waliolalamika kwamba riwaya hii inawadhalilisha wanaume weusi wangefaa kuisoma tena sehemu hiyo, maana hapo ndipo mwanamume anapewa heshima ya kubadilika. Lakini hata msamaha huu una mpaka. Albert anapoomba warudiane, Celie anakataa, wanabaki marafiki. Wasuluhishi wetu, ambao kwao kusamehe ni kurudi nyumbani usiku uo huo, wangeuona msamaha huo kuwa nusu. Sisi tunauona kuwa kamili.

Naye Nettie? Yeye hakunajisiwa, na hivyo hana deni la kumfutia Alphonso. Katika barua zake hamhimizi dadake asamehe, wala hamkatazi. Anampa ukweli, na anawalea watoto wake hadi siku ya kuwarudisha. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ndugu aliyeumia kidogo ndiye kwa kawaida hutangulia kuhubiri upatanisho, akitumia fadhila isiyokuwa yake.

Rosa, katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, hakupata mwandani wa namna hii. Naye ana wadogo wa kike, lakini shauri lake na babake Zakaria halipati pa kusikilizwa duniani. Linasikilizwa mbele ya Mungu, baada ya wote wawili kufa, na katika baraza hilo wadogo zake, walio hai, hawamo.